Shuka la Mzee Shekiondo

Daktari mmoja wa upasuaji, jina lake Mshitu, alikuwa na wanafunzi aliokabidhiwa na chuo awafundishe kutibu watu. Kila Ijumaa mchana, watu wameshashiba na joto limepanda, aliwafundisha darasani maadili ya udaktari: kumheshimu mgonjwa, kutunza siri zake, kumwambia kweli. Wanafunzi waliliita somo la usingizi. Wenye simu walichezea simu. Walisema mgonjwa anataka dawa, heshima atapewa na ndugu zake.

Miongoni mwao alikuwamo binti aitwaye Nakijwa. Yeye hakulala. Alikariri yote, na mtihani ulipokuja aliongoza darasa zima. Moyoni akaona somo hilo amelimaliza.

Asubuhi moja waliingia wodini. Kitandani alilala Mzee Shekiondo, mkulima wa mboga kutoka milimani, tumbo limevimba kwa sababu utumbo ulikuwa umejifunga. Mwanawe alikuwa mbali kikazi, hivyo aliyemleta hospitali ni Zahabu, mke wa huyo mwanawe. Alisimama kando kidogo, kama mkwe anavyosimama.

Daktari Mshitu akamwambia Nakijwa apime tumbo. Nakijwa alitaka kuonyesha anavyojua. Hakumwamkia mzee wala hakumuuliza jina. Aliwageukia wenzake, akasema, "Hili ni tumbo la dharura," akalivuta shuka mpaka magotini. Chini ya shuka lile mzee hakuwa na nguo.

Zahabu alijifunika uso kwa khanga, akatoka mbio. Daktari Mshitu akawahi kumfunika mzee, lakini jambo lilikuwa limeshatendeka. Mzee akageukia ukutani. Akasema anataka kurudi kwake. Wakamwambia asipopasuliwa siku hiyo atakufa. Akajibu kwamba ameshakufa tayari, mbele ya mkwewe. Akakataa kisu, akakataa hata sindano.

Wanafunzi wote wakamtazama Nakijwa. Naye akamtazama mwalimu, akingoja kukaripiwa. Alikuwa ameshaandaa la kujitetea: si aliambiwa apime? Daktari Mshitu hakumgeukia. Alivuta pazia kuzunguka kitanda, akainama mpaka uso wake ukalingana na uso wa mzee.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema. "Nisamehe mimi. Binti huyu nimemfundisha mwenyewe, na hivi ndivyo nilivyomfundisha."

Nakijwa akashtuka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Darasani alisikia maneno ya mwalimu wake, lakini wodini aliuona mwendo wake: zile haraka za asubuhi, yale mashuka yanayofunuliwa kabla ya salamu, wagonjwa wanaoitwa kwa maradhi au viungo vyao, ngiri, nyonga, bandama. Hayo ndiyo yaliyomwingia, na wala hakuhitaji kuyakariri.

Hakuna aliyemtuma. Alitoka nje, akamkuta Zahabu amejikunyata kwenye benchi. Akapiga magoti sakafuni, watu wakimwangalia, akamwambia aibu ile ni yake yeye Nakijwa, si ya mzee wala ya mkwewe. Zahabu alilia sana. Kisha akamshika mkono, akamwinua.

Wakarudi pamoja. Zahabu hakupita ndani ya pazia. Akasimama upande wa pili, akasema, "Baba, mimi nilifunika macho. Kubali utibiwe. Wajukuu wanakuuliza."

Mzee akageuza uso kutoka ukutani. Halafu akauliza yule binti anaitwa nani. Nakijwa akasogea, akamwamkia kwanza, akaomba radhi, ndipo akataja jina lake. Mzee akaitikia marahaba. Akatoa mkono chini ya shuka, akamnyooshea, na Nakijwa akaushika mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Mzee Shekiondo alipona. Siku ya kuruhusiwa alizunguka wodi nzima akishukuru, na mbele ya Nakijwa alisimama zaidi, akamwombea dua. Daktari Mshitu, tangu hapo, alianza kuingia wodini taratibu. Salamu zilichukua muda, na hakuna mwanafunzi aliyelalamika.

Leo Nakijwa ni daktari na yeye ana wanafunzi. Wakimuuliza nani alimfundisha utu wa kazi hii, hautaji ule mtihani. Humshukuru mzee aliyemkabidhi mkono wake baada ya kudhalilishwa, na mwanamke aliyemwinua sakafuni. Zaidi ya wote humshukuru mwalimu aliyekubali kuinama huku wanafunzi wake wakimtazama.

Nanyi mlio na watoto, mlio na wanafunzi, mlio na watu chini yenu: mkishamaliza kusema, wanaowatazama wanajifunza nini?