Mlakupe na Mizani ya Kifaru

Hodi ya ngano, wenyewe!

Karibu, ingia!

Niingie na mguu upi?

Ingia na wowote, kaa, simulia!

Ahsanteni. Mmenikaribisha bila kunipima. Hamkuniuliza nina uzito gani wala jana nilikula nini. Wangekuwa wote kama ninyi, ngano hii isingekuwepo, nami ningelala mapema. Lakini si wote walio kama ninyi. Ngano hii inanitia hasira kila ninapoisimulia, basi mnivumilie.

Hapo kale palikuwa na nchi mbili, na katikati yake ua wa miiba. Upande huu ilikuwa nchi ya vumbi. Ng'ombe walikuwa wamehama, nyati walikuwa wamehama, hata punda milia, mvivu wa kuhama, alikuwa amehama. Upande ule lilikuwa bonde la Kifaru. Majani yanafika magotini, maji yapo, na katikati umesimama mkuyu mkubwa unaozaa makuyu mekundu matamu.

Bonde lilikuwa na kila kitu, na lilikuwa na kupe. Kupe wa masikioni, kupe wa kwapani, kupe wa chini ya mkia. Kifaru na jamaa zake wakajikuna mchana, wakajikuna usiku, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka miti ikabaki bila magome. Na kupe haondoki kwa kujikuna. Kupe hutolewa, na kumtoa kuna ufundi wake. Unamshika kichwani, unamzungusha kidogo, unamng'oa. Ukimshika tumboni, kichwa kinabaki ndani na mahali pale panaoza.

Aliyeijua kazi hiyo ni Mlakupe, ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu. Alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi yake. Lakini Mlakupe alikuwa upande wa vumbi, ambako hakuna tena mgongo wa kudonoa. Alikuwa na makinda wawili kwenye tundu la mti. Wanalia chii, chii, chii, naye hana cha kuwapa. Ngano yote iko hapo: mama hana cha kuwapa wanawe, na kazi anayoijua iko nyuma ya miiba.

Zamani, Kifaru alichagua mafundi kwa kibuyu. Kila aliyetaka kuingia bondeni kung'oa kupe alichomoa unyoya wake mmoja, akautia kibuyuni. Fisi, mlinzi wa lango, akakitikisa, kacha kacha kacha, akatoa unyoya mmoja, na mwenye unyoya akaingia. Mlakupe alitia unyoya tangu hajaolewa, na hakuchaguliwa hata mara moja. Mwaka mmoja akatoka Bundi, akaingia, akalala mchana kutwa. Mwaka mwingine Tai alichomoa manyoya yote ya mkiani akayajaza kibuyuni, na bila shaka akatoka Tai, matako wazi, hajui kupe ana kichwa wapi.

Kifaru akaitisha baraza.

"Kibuyu kinatuletea wajinga," akasema. "Tubadilishe utaratibu. Nataka mafundi wa kweli."

Fisi akasimama. "Bwana mkubwa, fundi wa kweli anajulikana kwa posho yake. Anayepewa makuyu mengi ndiye fundi mkubwa, ama sivyo angepewa ya nini? Na anayekula makuyu mengi huwa mzito. Basi tupime uzito. Mzito aingie, mwepesi arudi kwao."

Wazee wa baraza wakatikisa vichwa. Masikio yao yalikuwa yamejaa kupe, kwa hiyo walisikia nusu nusu, lakini walipenda lile neno mzito. Hakuna aliyeuliza kupe hung'olewaje. Hakuna aliyemwita anayejua. Wakaweka gogo juu ya jiwe pale langoni, upande mmoja wakafunga jiwe jingine, upande wa pili ukaachwa kwa muombaji. Wakaita jambo hilo mageuzi, wakaenda kula.

Habari zikafika upande wa vumbi. Mlakupe alisikia neno mageuzi tu, hakusikia neno uzito, akafurahi. Jirani yake alikuwa Yangeyange, ndege mweupe mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu, ambaye naye anajua sana kung'oa kupe.

"Nenda ukajaribu, shoga," Yangeyange akamwambia. "Watoto nitakutunzia."

Mlakupe akaenda, pa pa pa, mpaka langoni.

"Shikamoo, mzee Fisi."

"Marahaba, mama. Kazi unajua?"

"Najua."

"Uzito unao?"

Mlakupe akatua juu ya gogo. Gogo halikusogea. Fisi akainama akalitazama kwa chini, kwa adabu kabisa.

"Rudi kwenu, mama."

Nyuma yake alikuwa Mbuni.

"Kazi unajua?"

"Nitajifunza humo humo."

"Uzito unao?"

Mbuni akakalia gogo. Kwiii, du.

"Karibu, fundi."

Mlakupe akarudi kwake. Makinda wanalia chii, chii. Akakaa akafikiri, kisha akajipaka tope mwili mzima, likakauka, akajipaka tena. Akameza kokoto mpaka koo likavimba. Akaenda tena langoni, safari hii kwa miguu, maana kuruka hawezi.

"Kazi unajua?"

"Najua." Kokoto zikagongana kooni, koko koko.

"Uzito unao?"

Akapanda juu ya gogo. Gogo likatikisika kidogo sana, kisha likatulia pale pale.

"Rudi kwenu, mama. Umejitahidi."

Akarudi kwa miguu, na tope, na kokoto. Alipofika kwenye tundu, alisikia chii moja tu. Yangeyange alikuwa amesimama kando, shingo imeinama.

"Nilimpa panzi," Yangeyange akasema. "Hakuwa na nguvu ya kummeza."

Mlakupe akamtazama yule mmoja aliyebaki. Akatapika kokoto zote, moja baada ya nyingine, na hakulia. Mimi ningelia. Yeye alikuwa na uchungu uliopita machozi.

Sasa tumwache huko, twende bondeni. Mbuni ameanza kazi. Anadonoa sikio la Kifaru, ndo! Kupe anabaki, kipande cha sikio kinaondoka. Anadonoa kwapa, ndo! Kupe anabaki, Kifaru analia. Na kila jioni Mbuni anawekewa lundo la makuyu, lundo la fundi mkubwa, na Kifaru anamtazama akila. Kilichomuuma zaidi Kifaru si sikio. Kilichomuuma ni lile lundo.

Siku moja Mlakupe akaja tena. Hakwenda langoni. Alitua juu ya mwiba, upande wake wa ua, karibu na pale Kifaru anapojikuna.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mlakupe. Sikuja kuomba kazi, bwana. Nimekuja kuuliza tu, maana sisi watu wa vumbi sheria hatuzijui vizuri."

"Uliza."

"Fundi mkubwa ni yule aliye mzito?"

"Ndiyo sheria."

"Na fundi mkubwa ndiye anayestahili lile lundo?"

"Ndiyo sheria."

"Katika bonde hili, ni nani mzito kuliko wote?"

Kifaru akaacha kujikuna. Akafikiri, na kwake kufikiri ilikuwa safari ndefu.

"Ni mimi," akasema.

"Basi ndiyo maana nashangaa," Mlakupe akasema kwa sauti ya upole. "Fundi mkuu yupo, na makuyu anakula Mbuni."

Kifaru akageuka. Akaenda mbio mpaka langoni, akakalia gogo. Kwiii, duuu! Jiwe la upande wa pili likachomoka, likaruka mpaka mtoni, na ikabidi Fisi alizamie. Kifaru akatangaza papo hapo kwamba fundi mkuu ni yeye. Mbuni akafukuzwa. Lundo likaletwa mbele ya fundi mkuu, naye akalila lote, nyamu nyamu nyamu, hakubakiza hata kikonyo.

Kisha ukafika wakati wa kazi.

Kifaru akageuza kichwa kulitafuta sikio lake. Sikio likakimbia. Akageuza upande wa pili. Sikio likakimbia. Akazunguka, vuru, vuru, vuru, vumbi likatimka, na kadiri alivyozunguka ndivyo kupe walivyomwasha. Mwisho akajitupa mbele kwa hasira, na pembe yake ikazama kwenye shina la mkuyu. Ndi!

Akanasa. Kupe wanawasha, anasukuma mbele. Pembe inazama, kupe wanawasha zaidi, anasukuma zaidi. Fisi akamvuta mkia, akabaki na nywele mkononi. Jamaa zake wakasimama kando wakisema pole, pole sana.

"Mlakupe," Kifaru akaita.

"Naam, bwana mkubwa. Nipo hapa hapa kwenye mwiba."

"Njoo unitoe hawa kupe."

"Siwezi kuingia, bwana. Sina uzito."

"Ingia."

"Na mwanangu?"

"Na mwanao. Ingia basi, mama, nakufa."

Mlakupe akaingia, akatua juu ya sikio la Kifaru. Shika, zungusha, ng'oa. Shika, zungusha, ng'oa. Alikuwa mwepesi mno, Kifaru hakuhisi kama kuna mtu. Alihisi tu muwasho unapungua, kama moto unaomwagiwa maji kidogo kidogo. Muwasho ulipopungua akaacha kusukuma.

"Sasa rudi nyuma polepole," Mlakupe akamwambia.

Akarudi nyuma. Pwa! Pembe ikatoka.

Kifaru akashusha pumzi. Akajinyoosha, akatikisa masikio yake mepesi, kisha akakohoa kikohozi cha wakubwa.

"Ahsante sana, mama. Sasa toka. Hukupimwa, na sheria ni sheria."

Mlakupe hakushangaa. Alikuwa amekaa nje ya ua ule miaka mingi, alimjua Kifaru kuliko Kifaru alivyojijua.

"Natoka, bwana mkubwa. Ila nimekuachia mmoja. Mama yao. Yuko ndani kabisa, sikio la kulia, na yuko karibu kutaga."

Kifaru akatulia akasikiliza. Kiri. Kiri. Kiri.

"Mtoe."

"Leo hatoki. Huyo anataka kushughulikiwa taratibu, kila siku kidogo."

Kifaru akatazama mbali, kisha akasema, "Kaa."

Mlakupe akakaa. Kila siku akatoa watoto wa kupe, na kila siku mama yao akamwacha. Ndivyo alivyopata kibali chake, na hakukuwa na kibali kingine.

Akaenda kumchukua mwanawe. Alimkuta hai, ametunzwa, ana hata manyoya mapya. Yangeyange ndiye aliyekuwa amekonda, mpaka mifupa ya kifua inaonekana.

"Amekula panzi wangu wote, mlafi huyu," Yangeyange akasema akicheka. Kisha akauliza taratibu, "Na mimi, shoga?"

"Nitakuombea kwa bwana. Nitawezaje kukusahau wewe?"

Akampandisha mwanawe mgongoni, akaondoka.

Siku chache baadaye, Kifaru akiwa amelala kivulini na sikio lake halina shida, akasema, "Mlakupe, nimefikiri. Wewe huna uzito na kazi umeiweza. Tuitupe ile mizani. Pale langoni nitalaza mgongo wangu, na atakayeng'oa kupe vizuri ataingia, awe mzito, awe mwepesi. Unaonaje?"

Alikuwa ameulizwa, jamani. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile, ameulizwa anayejua.

Mlakupe akaufikiria mdomo wa Yangeyange, mrefu, mwembamba, unaofika ndani kabisa ya sikio la kulia. Angemtoa mama kupe kwa mara moja, tena kwa nia njema, akidhani anasaidia. Na siku mama kupe anatoka, sheria ni sheria. Akamtazama mwanawe amelala juu ya tawi la mkuyu, tumbo limejaa.

"Mizani ni nzuri, bwana mkubwa," akasema. "Iache pale pale."

Ikaachwa. Na Yangeyange akaja langoni, kwa furaha, akijua ana mtu ndani. Fisi akamwona, akakumbuka kuwa mambo yamebadilika, akainua macho kwa Mlakupe aliyekaa juu ya pembe ya Kifaru kando ya lango, amuulize afanye nini. Mlakupe mwenyewe akajibu.

"Kazi unajua?"

"Shoga, ni mimi," Yangeyange akasema.

"Uzito unao?"

Yangeyange akamtazama muda mrefu. Kisha akapanda juu ya gogo, na miguu yake mirefu, na kifua chake kilichokwisha. Gogo halikusogea.

"Rudi kwenu, mama," Mlakupe akasema.

Ngano yangu inafunza, wanangu, kwamba anayeijua kazi yake hakosi pa kuingia. Inafunza pia kwamba mizani haina upendeleo, na kwamba mtu aliyekulelea mwana huwezi kumsahau. Mwalimu akiwauliza kesho, mjibuni hivyo hivyo, atawapa vema.

Hodi ya kutoka, wenyewe.

Toka salama!

Natoka. Mlango nauacha wazi kama nilivyoukuta. Atakayeufunga si mimi.