Kopo la Vibanio

Wapendwa, leo naanza na hawa watoto wa benchi la mbele, maana wao jambo hili wanalijua kuliko sisi. Nyinyi wakubwa mtatufuata polepole.

Palikuwa na msichana mmoja, nahodha wa timu ya netiboli ya shule yao. Mrefu, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa mdomo. Shule za milimani zilikuwa na mashindano ya wasichana kila mwaka, na katika mashindano hayo watoto walikuwa wamejitungia desturi yao. Kila timu ilikuja na beji zake, zilizochongwa na fundi kwa mchoro wa kwao. Hawa wana jani la chai, wale wana nanasi, wengine garimoshi, wengine korongo amesimama kwa mguu mmoja. Beji hizo haziuzwi. Unampa mwenzako ya kwenu, naye anakupa ya kwao, mnashikana mikono, basi. Ukienda nyumbani na beji ya garimoshi, maana yake kuna mtu wa kule kwenye reli unamfahamu.

Nahodha wetu alilelewa na bibi yake, mshonaji. Bibi alikuwa amemshonea mshipi wa kitenge, mpana kama kiganja, wa kupita begani hadi kiunoni, ili abandike beji zake. Akamwambia kwamba siku ya kufunga mashindano, timu zote zitakapopita mbele ya wageni, yeye bibi atakuja. Hajawahi kufika uwanjani maisha yake yote, ila mwaka huu atakuja na kukaa mbele. Mtoto akasikia hivyo, akajiapiza moyoni: bibi akifika, ataona beji ya kila timu kwenye mshipi huu. Isikosekane hata moja.

Sasa, nyinyi watoto, beji ina sehemu ngapi? Naona mkono kule. Mbili, vizuri sana. Ya kwanza ni uso wake, wenye rangi na mchoro, pamoja na kimsumari chake cha nyuma. Ya pili ni kile kidude kidogo, hakizidi punje ya hindi, kinachobana kimsumari kwa nyuma ili beji isidondoke. Tukiite kibanio. Umewahi kumsikia mtu anasema, nionyeshe vibanio vyako? Hata siku moja.

Kwa hiyo watoto wale, katika kubandika na kubandua asubuhi mpaka jioni, walivipoteza. Kibanio kikiponyoka vidoleni kinazama kwenye majani, na nani atapiga magoti kukitafuta wakati beji ya korongo inakwenda kwa mwingine? Nahodha wetu wala hakujali. Kitenge cha bibi kilikuwa kizito, akichoma kimsumari kinashika chenyewe. Akakimbilia nyingine.

Siku ya pili akakutana na msichana mmoja wa timu iliyotoka ng'ambo ya mto. Alikuwa ameinama pembeni mwa uwanja, mkononi ana kopo tupu la mafuta ya mgando. Nahodha akamuuliza kwao wana beji gani.

"Hatuna," yule msichana akasema. "Fundi hakuwahi kuzimaliza."

"Sasa utabadilishana kwa nini? Kwa upepo?"

Wenzake nahodha wakacheka. Mmoja akasema mwacheni Mama Makopo aokote makopo yake. Yule msichana naye akacheka kidogo, kama mtu anayekubali kwamba utani umempata, kisha akainama tena. Nahodha alikwishaondoka. Hakuwa na ubaya, nisimsingizie. Alikuwa na shughuli.

Ikafika siku ya kufunga. Mshipi ulikuwa umejaa, na katikati, juu ya moyo, ilikaa beji ya punda milia, iliyomgharimu siku nzima ya kubembeleza, maana timu ile ilizibania beji zake kama mboni ya jicho. Timu zikapangwa foleni nyuma ya madarasa. Mwalimu akataka wajaribu kupiga hatua kabla ya kutoka mbele ya wageni. Kushoto, kulia, kushoto. Na beji zikaanza kudondoka.

Fikirini, ndugu zangu. Nanasi chini. Garimoshi chini. Korongo akaruka, na si kwa mabawa. Foleni nzima ikavurugika, watoto wameinama, huyu anakanyaga ya yule, wengine machozi yako karibu. Nahodha ameikumbatia punda milia kwa mikono miwili. Kwa mbali alimwona bibi, kitambaa cheupe kichwani, ameshakaa kiti cha mbele. Utapigaje hatua mbele ya bibi huku umejikumbatia kama mwenye homa?

Hapo ndipo mtu akasema, yule msichana wa kopo anavyo.

Kumbe siku zote zile alikuwa akiokota vibanio. Hakutumwa. Aliona vinang'aa kwenye majani, akaona wenyewe wataviulizia. Kopo lilikuwa limejaa hadi shingoni.

Nahodha akamwendea. Na sikilizeni alivyomwita, maana shida ina adabu.

"Dada, samahani. Unataka nini kwa kibanio kimoja?"

Ngojeni kwanza. Hamtaki kujua mimi ningejibu nini? Mimi ningesema kibanio kimoja kwa beji moja, na ya kwanza niletee punda milia. Msinicheke, na nyinyi mngesema hivyo hivyo. Tena rafiki wa yule wa kopo alikuwa pembeni anamfinya mkono, aseme, aseme.

Yule msichana akasema, "Si vyangu. Ni vyenu, vilianguka tu. Sogea nikubanie."

Akaanza kumbania, kimoja baada ya kingine, kwa upande wa ndani wa mshipi. Alipomaliza akamwita aliyefuata. Watoto wakajipanga mbele yake kama wagonjwa kwa mganga, na kopo likashuka, likashuka, mpaka likabaki na harufu tu.

Ngoma ikapigwa. Timu zikapita. Bibi alisimama akapiga kigelegele kilichowafanya hata wageni rasmi wageuke, na hakuna beji iliyodondoka. Mwisho kabisa ikapita timu ya ng'ambo ya mto, vifuani hawana beji hata moja, wakipiga makofi. Nahodha alimwona yule msichana? Hapana. Alikuwa anamtafuta bibi yake.

Baadaye wakakaa wawili kwenye majani, sahani ya pilau katikati yao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leta nione."

Bibi akataka kujua habari ya kila beji, na mtoto akamsimulia. Hii ya nanasi kanipa msichana mwenye pengo, anacheka kama kuku anayetaga. Hii ya garimoshi, baba yake anafungua lango la reli. Hii ya jani la chai, mwenyewe hapendi chai. Bibi anacheka, anakula. Lakini bibi ni mshonaji, na mshonaji hawezi kuishika nguo bila kuigeuza. Usoni kila nguo ni nzuri. Kazi ya fundi huonekana ndani. Akaugeuza mshipi, akapitisha kidole, akakinusa.

"Mbona huku kunanukia mafuta ya mgando?"

Mtoto akamweleza habari ya kopo. Alieleza harakaharaka, maana alianza kuona inakoelekea.

"Na huyu aliyekupa hivi vya nyuma," bibi akauliza, "ni nani?"

"Ni msichana mmoja."

"Anaitwa nani?"

Mtoto akatazama sahani.

Bibi hakumgombeza. Aliugeuza mshipi, upande mzuri ukarudi juu, akasema, "Haya, kula." Lakini pilau lilikuwa limeshageuka mchanga mdomoni mwa mtoto. Mwenye pengo alimjua. Asiyependa chai alimjua. Huyu aliyemwinamia kumbania, mbele ya watu wote, hakumjua hata jina.

Akainuka, akakimbia.

Aliikuta timu ya ng'ambo ya mto inapakia masufuria kwenye lori. Yule msichana alikuwa juu, anapokea. Nahodha akasimama chini anahema, akaingiza mkono mfukoni. Alikuwa amebakiza beji moja ya timu yao, ya mwisho kabisa, yenye picha ya mzinga wa nyuki. Akamnyoshea.

"Sina cha kukupa," yule msichana akasema.

"Ulishanipa. Unaitwa nani?"

"Tusekile."

Sasa tazameni mambo haya. Tusekile akaruka chini, akaipokea beji, akaigeuza. Haina kibanio. Akafungua kopo lake, na kopo lilikuwa tupu. Alikuwa amevitoa vyote mpaka cha mwisho, hata kimoja hakujiwekea. Wakatazamana, kisha wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mwalimu juu ya lori akauliza kuna nini huko.

Halafu nahodha akaingiza mkono ndani ya mshipi wake, pale juu ya moyo, akachomoa kibanio cha punda milia. Akakibana nyuma ya mzinga wa nyuki, kifuani kwa Tusekile. Polepole, kama alivyobaniwa yeye.

Lori likaondoka. Mtoto akarudi kwa bibi yake amefumba ngumi.

"Umeshika nini humo?"

"Punda milia. Kibanio chake kimekwenda kwa Tusekile."

Bibi akasogea, akampa nafasi ya kukaa. Akamsogezea na mnofu aliokuwa amemwekea. Na njia nzima ya kurudi nyumbani yule mtoto aliishika beji ile mkononi, haibani kitu, haionekani na mtu, na wala hakuona kwamba amepungukiwa.

Ndugu zangu, nawafahamu. Najua mlipokuwa mnasikiliza, wengi mlikaa upande wa Tusekile. Ni mahali pazuri pa kukaa. Mama mmoja kule nyuma ameshatikisa kichwa kwamba ndivyo, mimi ndiye ninayeokota, na hawanioni. Inawezekana mama, na Mungu anakuona. Lakini mimi leo nikitazama mabenchi haya naona manahodha. Naona mishipi imejaa. Huyu ana kazi, huyu ana nyumba, huyu mwanawe kafaulu, huyu anasimama mbele kuimba na sauti inapanda hadi kwenye mabati. Sisi tunajua sana habari za nyuso za beji zetu, nani katupa na lini. Kwani kwa nini hazidondoki? Nani alikuwa amepiga magoti wakati sisi tunakimbia? Aliyekaa na mama yako mgonjwa ili wewe uende mtihani. Aliyefagia hapa kabla jua halijachomoza, nasi tukaingia na viatu vyetu vizuri. Jirani aliyesikia maneno ya kukuvunja akayameza, hakuyapitisha.

Tusimpelekee mtu huyo asante ya mdomo, ikaishia hapo. Kopo lake limeshakuwa tupu. Yeye naye ana beji isiyo na kibanio, na kibanio pekee kilichobaki kipo kwako, nyuma ya kile unachokipenda sana. Ukikichomoa, kitu fulani cha kwako hakitaonekana tena kifuani. Utakishika mkononi tu. Nawaambia, mkono hautachoka.

Tukimaliza ibada nitasimama pale mlangoni kuwashika mikono kama kawaida. Kila mmoja nitamuuliza swali la bibi: aliyekubania kwa nyuma anaitwa nani? Nanyi wapendwa, msinijibu, "Ni msichana mmoja."