Nyanzala na Visiki vya Uyoga

Sogeeni, sogeeni karibu, na mwenye kitu mdomoni akimeze kwanza. Niseme, nisiseme? Haya, mmeniambia niseme, basi msinikatize.

Hapo kale, kale ya kale, vichuguu vilipokuwa virefu kuliko nyumba na mvua ikiitwa jina inaitika, palikuwa na nchi ya miombo. Na katika nchi hiyo aliolewa mwanamke aitwaye Nyanzala. Kwao kulikuwa mbali. Mbali hasa, wajukuu zangu, si kama hapa na kisimani.

Alikuja kukaa katika mji wa baba mkwe wake, mzee Kasuka. Mama mkwe wake aliitwa Kalunde, na Kalunde huyo alikuwa bingwa wa uyoga. Uyoga ukiota, yeye ndiye wa kwanza kujua. Uyoga ukiiva jikoni kwake, majirani wanakumbuka ghafla kwamba hawajamsalimia.

Sasa sikieni desturi ya watu wale. Uyoga walikuwa wanaukata kwa kisu, usawa wa ardhi, na kisiki wanakiacha udongoni. Kuung'oa kulikuwa mwiko. Walisema anayeng'oa uyoga anang'oa uzazi wake, hatabeba mtoto maisha. Kwao Nyanzala walichimba kwa kijiti wakautoa mzima na mguu wake. Lakini mgeni hafundishi wenyeji. Akabeba kapu, akafuata nyuma.

Ikafika siku ya ujima, majirani wanakuja na majembe kumlimia mzee Kasuka. Kalunde akataka awalishe mpaka wasimulie. Alfajiri akamchukua mkamwana wake wakaenda kichuguuni. Kata, tia. Kata, tia. Kapu halikujaa. Kalunde akasogea mbele kidogo, chini ya miti, akakuta mwingine, mweupe, mzuri, umenona. Kata, tia. Kata, tia, kapu likajaa.

Nyanzala akautazama ule wa mwisho. Weupe wake ulikuwa na ukijani kwa mbali, na shingoni umevaa kijisketi. Moyo ukamlipuka, maana kwao uyoga wa namna hiyo uliua watu. Akauliza kwa adabu kama mama ana hakika nao. Kalunde akaugeuza, akamwonyesha palipotafunwa.

"Konokono amekula na yuko salama," akasema. "Sisi ni nani tukatae?"

Nyanzala akanyamaza. Msimcheke, hata ninyi mngenyamaza. Bibi harusi wa juzi atabishana na mama mkwe?

Wakarudi. Uyoga ukaoshwa, ukakatwakatwa, ukaungwa kwa karanga. Lo, harufu ile! Watoto wa mji mzima wakajipanga jikoni. Nyanzala anakoroga, na moyo unamwambia, hawa watakufa. Anakoroga, na moyo unamwambia, hawa watakufa, na wewe ulijua. Wakulima wakaweka majembe chini, wakanawa. Kalunde akashika upawa.

Hapo Nyanzala akapiga magoti mbele ya chungu, akakizuia kwa mikono miwili. Mkamwana wa zamani hakusema mbele ya baba mkwe, hapana, si kama ninyi mnaoropoka hata kwa wageni. Akajifunika nguo kichwani, macho chini, akasema.

"Baba, nisamehe. Chungu hiki kina uyoga unaoua. Naomba mtu asionje."

Watu wakaguna. Walikuwa na njaa, na mwenye njaa hana subira. Kalunde machozi yalimlenga. Akasema kwamba amepika uyoga tangu huyu hajazaliwa, na leo mtoto aliyempokea kwa vigelegele anamwita muuaji mbele ya majirani. Mzee Kasuka akauliza, ni upi humo chunguni? Nani angejua? Uyoga ukishakatwa na kuungwa karanga, wote ni mboga.

"Chunguni siwezi kuonyesha," Nyanzala akasema. "Lakini mama alikata, hakung'oa. Visiki bado vimo ardhini. Twende nikavichimbue."

Shangazi mmoja akamkumbusha mwiko: mwanangu, hutashika mtoto. Na Nyanzala alikuwa anataka mtoto, jamani. Kila mwezi alikuwa anamwomba Mungu. Aliogopa, msidhani jasiri haogopi.

"Kama kuna laana, inishukie mimi peke yangu," akasema. "Na kama nimekosea, nifungiwe mzigo wangu nirudi kwetu leo hii."

Mzee Kasuka akasema twende. Chungu kikafunikwa, akaachwa mtu wa kukilinda, watoto na mbwa wasikiguse.

Wakafika kichuguuni. Nyanzala akachimba kisiki cha kwanza: mzizi unashuka chini, mrefu, haukatiki. Cha pili: mzizi unashuka chini. Wakulima wakaanza utani, wakamwambia achimbe na kisima kabisa wapate maji ya kunywa. Kalunde akapata nguvu, akakunja mikono kifuani. Nyanzala akawaambia huu ndio uyoga wetu, huu mzizi wake unakwenda mpaka nyumbani kwa mchwa, huu kuleni. Kisha akasimama, akaenda chini ya miti.

Akapiga magoti. Akachimba polepole, pembeni, kwa kijiti. Kisiki kikatoka, na mguu wake umekaa ndani ya mfuko, mweupe, umechanika juu kama ganda la yai. Akachimba kingine, mfuko. Akachimba kingine, mfuko. Utani ukaisha. Watu wakarudi nyuma.

"Huu hauna mzizi kwa mchwa," Nyanzala akasema. "Huu unazaliwa mfukoni. Ukiukata juu, mfuko unabaki chini na hutaujua. Ni mtamu, anayeula anausifu. Kesho tumbo linamkata, kisha linatulia, watu wanashukuru amepona. Halafu anakufa. Na konokono anaula kila siku, kwa sababu tumbo la konokono si la mtu."

Kalunde akaketi chini, pale pale kwenye udongo. Mnajua kwa nini? Alikuwa na dada, na dada yule alikufa masika moja, yeye na mumewe na watoto, nyumba nzima. Watu wakasema ni uchawi. Wakamfukuza jirani wa dada yule, mzee Ntemba, wakamchomea nyumba.

"Dada yangu," Kalunde akasema. "Aliukata kama nilivyomfundisha mimi."

Akalia, na Nyanzala akamshika akalia naye. Kisha mama yule akasimama. Akarudi nyumbani, akachimba shimo refu kwa jembe lake, akafukia mboga na chungu chenyewe, hata kuku asidonoe. Halafu akamgeukia mkamwana wake mbele ya watu wote, akapiga kigelegele, na wanawake wakapokea, mji ukatikisika. Siku ile walikula ugali kwa chumvi, na sijasikia ugali ulioliwa kwa furaha kama ule. Watoto wale wote wakaamka kesho yake wakidai uji.

Uyoga ukakoma kuota? Thubutu! Masika yaliyofuata kichuguu kilijaa pale pale palipochimbwa, na Nyanzala aliuchuma akiwa na mtoto mgongoni. Na mzee Ntemba? Kasuka alituma vijana wamtafute. Wakamleta kwa ngoma, na Kalunde akamwangukia miguuni katikati ya njia, akamwomba radhi kwa sauti ya kusikika na wote. Majirani wakamjengea nyumba kubwa kuliko ile waliyoichoma.

Basi wanangu, uyoga utoeni na mguu wake. Usioujua tangu utotoni, uacheni. Mmoja ukiwatia shaka, mwageni kapu zima, njaa ya siku moja haizai msiba. Na jirani msimwite mchawi kabla hamjachimba.

Kisa changu nakitua hapo. Wa kukibeba akibebe, na wa kulala akalale.