Nyumba za Nyati Ng'ambo ya Mto

Zamani hizo, watoto, kabla hata ya babu wa babu zangu, wanyama walikuwa na majeshi, na majeshi yalikuwa na wake na watoto. Sogeeni karibu. Hadithi hii haina kicheko kingi.

Jeshi la Nyati lilitumwa ng'ambo ya mto, nchi ya Viboko, kulinda mpaka ili simba wasipite. Askari walikwenda na familia zao, wakalala kwenye vibanda vya nyasi. Masika yakaingia, vibanda vikavuja, na ndama wa Jemadari, mkubwa wa jeshi, akafa kwa baridi. Hata pembe hakuwa ameota. Alibaki mdogo wake, naye alikuwa akikohoa: kho! kho!

"Mume wangu," mke wa Jemadari akasema, "nimeshazika mmoja katika nchi ya watu. Sitazika wa pili. Nataka nyumba."

Jemadari akaenda kwa Mzee Kiboko, mwenye ardhi yote ile. Ukingoni alikuwa na nyumba nyingi za mawe, zote tupu, zimefungwa.

"Mzee, tupangishe hizi."

"Aa! Kodi yake hamuiwezi! Kila nyumba, majani ya bonde zima kila mwezi. Lakini mimi nina huruma, bwana. Kiwanja nawapa bure. Jengeni! Jengeni za mawe, imara, za kudumu!"

Jemadari akarudi kambini anatabasamu. Nguchiro, mpishi wa jeshi, kajitu kadogo kasikotulia, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mkubwa, kujenga kutaisha lini?"

"Masika yajayo."

"Na mtoto atakohoa mpaka masika yajayo? Askari wakibeba mawe, mpaka utalindwa na nani? Haya, simba washindwe, turudi kwetu. Nyumba utazibeba kichwani?"

Jemadari akafikiri, masikio yakamlegea.

"Zitabaki kwa Kiboko," akasema. "Kumbe! Nakwenda kumvunja mbavu!"

"Usithubutu. Tuko kwake. Nipe askari wachache kesho asubuhi."

Kulipokucha, askari wakajenga kibanda kizuri cha udongo mbele ya mlango wa Kiboko. Wakakizunguka polepole, wakiimba kama wako msibani. Kisha wakakirukia. Pu! Pu! Kwacha! Vumbi likatimka.

Kiboko akatoka mbio. "Lo! Mnafanya nini?"

Nguchiro akainamisha kichwa. "Tunajizoeza, Mzee. Ni mila ya Nyati. Wakihama hawaachi nyumba waliyoijenga. Inawauma mgeni kulala walipolala watoto wao. Zile za mawe tutakazojenga kwenye kiwanja chako nazo, siku ya kuondoka, tutazikanyaga mpaka ziwe changarawe."

"Zote?"

"Zote."

"Nyumba zangu!" Kiboko akapiga kelele. Halafu akafumba mdomo, lakini askari wote pale walikuwa wamesikia.

"Zako, Mzee?" Nguchiro akauliza kwa upole.

Kiboko akageuka kuzitazama nyumba zake tupu za ukingoni.

"Na nyumba za kupanga?" akauliza. "Nazo wanazikanyaga?"

"Hapana. Za kupanga si zao."

"Basi pangeni hizi zangu. Kodi, nileteeni majani ya ukingoni tu, yanatosha."

Siku ileile familia zikahamia. Mke wa Jemadari akamlaza mwanawe kwenye sakafu kavu, akakaa kando yake akisikiliza pumzi zake mpaka kikohozi kikatulia.

Nje, Jemadari akamshika Nguchiro bega. "Mila ile umeitoa wapi? Nimezeeka miongoni mwa Nyati na siijui."

"Nimeitunga jikoni, mkubwa."

Jemadari akacheka kidogo. Kisha akalia, jemadari mzima, kwa sababu nyumba zile zilikuwa tupu tangu mvua ya kwanza, na yeye hakwenda kuziulizia mpaka mwanawe mmoja alipokufa.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: ukipewa kiwanja cha bure ugenini, kabla hujabeba jiwe uliza nani atabaki na nyumba.