Mikono Mitatu ya Gaudensi

Sogeeni, mniazime masikio. Mtanilipa kwa jibu.

Palikuwa na dada watatu, kila mmoja na chake. Oresta alijua kupika togwa: chungu chake hakikukauka tangu enzi za mama yao, kila togwa mpya akiichachusha kwa ile ya jana. Melania alijaliwa subira. Bonifasia alijaliwa macho. Uchafu uliowapita wenzake, yeye aliuona.

Mdogo wao, Tasiana, alikata roho huku mwanawe Gaudensi, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akihara hadi macho yameingia ndani. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Atakayemponya, ndiye mama yake."

Sasa sikilizeni kosa. Kwao mgonjwa hutunzwa na mkono mmoja. Ikiwa miwili, husema, dawa hugombana tumboni. Basi kila dada alifanya lake kwa siri.

Oresta alimnywesha togwa asubuhi, maana tangu zamani husemwa uchachu wake hutuliza tumbo.

Melania alisubiri wenzake waende shamba, akampa maji ya chumvi na sukari aliyoelekezwa zahanati, kijiko baada ya kijiko, mtoto akitapika yeye anaanza tena.

Bonifasia alimwaga maji ya mtungi, akachemsha mengine, akasugua kikombe na vidole vya mtoto.

Gaudensi akapona. Akacheka kile kicheko cha Tasiana, na mikono mitatu ikanyooshwa kumchukua.

Baba mtoto, Ngonyani, akawaketisha uani. Oresta akakitaja chungu cha mama yao. Melania akamcheka, akasema mtoto aliyekauka hafufuliwi kwa uji mchachu. Bonifasia akawauliza wote wawili wangemponya vipi mtoto ambaye kila siku ananyweshwa ugonjwa upya.

Jirani yao Sesilia alikuwa amekaa pembeni, kanga imefunika mdomo. Akaifunua.

"Dada Oresta, mwanangu niliyemzika alikunywa togwa ya chungu hichohicho. Uliniletea mwenyewe. Kama ndiyo iliyomponya huyu, mimi nilikosea wapi?"

Oresta akafungua kinywa, machozi yakatangulia. Mwishowe akasema, "Labda ilimkuta amechelewa, mwenzangu. Labda haikuwa togwa. Sijui."

"Na mtoto wa fundi seremala alihara vilevile, hakupewa kitu," Sesilia akaendelea polepole. "Anacheza."

Ngonyani akashika kichwa. "Tungejua, shemeji zangu, kama mngempa kimoja kimoja."

"Na kama kile kimoja kisingefaa?" Melania akauliza. "Ungetupa mtoto mwingine wa kujaribia?"

Gaudensi akajikokota katikati yao, akaangalia uso mmoja baada ya mwingine, akimtafuta ambaye hakuwapo, akaanza kulia, "Mama." Wote watatu wakainuka. Wote watatu wakaogopa kumgusa.

Haya, wajukuu zangu. Mtoto analia. Ninyi mngemweka mikononi mwa nani? Na Sesilia, mngemjibu nini?