Nambike na Chama cha Kizingiti

Ketini vizuri, nyinyi nyote mlioinua mguu mlangoni hapo bila kujiuliza kwa nini. Zama zile mababu zetu wa kwanza walipohamia milima hii ya Mtindili na kuufyeka msitu wake, alikuwapo Nambike binti Senzota, mjukuu wa Mkumbwa mfua chuma, mwanamke aliyeitwa Bega la Mwamba, aliyepanda mlima huu na jiwe la kusagia kichwani na mtoto mgongoni bila kutweta.

Ndiye aliyelaza jiwe jeusi kwenye mlango wa nyumba hii ya uzazi, jiwe lililowashinda vijana wa rika zima, akatamka mbele ya wote: "Mwanamume asivuke jiwe hili." Humu wanawake walijifungua, humu walikimbilia waliopigwa, na hakuna mume aliyethubutu kuwafuata.

Ikawa Nakivumbi, mke mdogo wa mtawala Sekiondo, alikimbilia humu akiwa na mimba changa, uso umemvimba. Mtawala akatangaza kwamba kila jiwe la milima hii ni mali yake, na baraza lingeketi kuthibitisha. Ndipo Nambike alipounda chama, cha kwanza katika nchi hii, akapita kilima hadi kilima akiwashawishi wanawake, na kila aliyekubali akajifunga kiunoni ukanda wa ganda la mgomba. Siku ya baraza walifurika uwanjani, na wazee, niseme kweli, waliingiwa na baridi.

Lakini wazee wale walikuwa wajanja kupindukia. Hawakumtukana wala kumfukuza. Walimsifu, wakamletea kigoda cha baraza ambacho mwanamke hakuwahi kukikalia, na wanawake wakapiga vigelegele. Maskini, walishangilia kufungwa kwake, kwa maana desturi ilikuwa kwamba anayekalia kigoda kwa mara ya kwanza hasemi neno mpaka baraza livunjike, na akiinuka kabla ya hapo, hoja ya watu wake imeanguka. Bega la Mwamba akaketi, mikono imelala mapajani, akisikiliza wakikubaliana kwa upole, mmoja baada ya mwingine, kwamba jiwe ni la mtawala na watu wake watalivuka. Naumia kila nikifika hapa. Nguvu zote zile, na hapakuwa na kitu cha kubeba.

Baraza lilipovunjika alinena: "Ikiwa jiwe ni lake, basi hatalivuka kamwe." Akaling'oa, akajitwika, akashika njia ya msituni. Nakivumbi alimfuata hadi ukingo wa uwanja akilia, "Mama, usiliondoe. Tutawazuia kwa kitu gani?" Hakugeuka. Aliamini amemshinda mtawala. Ukungu ukamfunika, na hakuna aliyemwona tena, wala jiwe halikupatikana.

Jioni ileile watu wa mtawala walifika mlangoni. Walitazama chini, hawakuona cha kuvuka, wakaingia, wakamtoa Nakivumbi. Desturi haikuvunjwa.

Tangu siku hiyo wanawake wa Mtindili huinua mguu juu pale lilipokuwa jiwe, na mabinti zao vivyo hivyo, na chama chake kingali hai: tunajifunga mikanda yetu, tunakwenda barazani, tunaudai mlango wetu, tunasikilizwa kwa upole. Na wanaume nao, kwa kumheshimu Nambike, wamejifunza kuinua mguu. Wanauinua vizuri sana, kisha wanaingia.