Masurufu ya Gaudensi

Wazee wa imani wamesimulia kwamba, katika zama za dhulma, mjini Kartago aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Restituta. Siku hizo waamini waliweza kuhifadhi Ekaristi majumbani, maana mapadre walikuwa mafichoni na kifo hakikupiga hodi. Restituta alikuwa na kipande kimoja tu, ndani ya kisanduku cha mbao, akijiwekea kwa saa yake ya mwisho. Mumewe alikuwa ameuawa kwa ajili ya dini bila kupokea Ekaristi, na jambo hilo lilimuuma sana.

Ikaja habari kwamba Gaudensi, mshona viatu wa mtaa wa pili, yu katika sakarati ya mauti. Huyu alikuwa amefukizia sanamu ubani kwa hofu, kisha akatubu kwa machozi mbele ya waamini. Na aliyetubu hakunyimwa Komunyo ya mwisho. Restituta, Mungu amrehemu, hakubishana na mtu. Alijitanda mtandio, akaenda na kisanduku chake.

Alipotaka kukifungua, mgonjwa akamshika mkono.

"Mama, ngoja kwanza. Aliyewaonyesha askari alikojificha mumeo ni mimi. Siwezi kupokea kutoka kwako huku nakuficha."

Mgonjwa angeweza kunyamaza, jamani, na nani angejua? Restituta aliketi sakafuni akalia mpaka mtandio ukalowa. Mke wa Gaudensi akamwambia kwa sauti ya chini, "Rudi nacho, mama. Hatutakulaumu."

Akajibu, "Mume wangu alikuwa tarishi wa serikali. Kila alipotumwa mbali alipewa chakula, nguo na nauli. Warumi wanaita viatikum, masurufu ya safari, nasi mkate huu tumeupa jina hilohilo. Alipewa kabla hajaondoka. Hakuna aliyemwambia afike kwanza ndipo ale." Kisha akamgeukia mgonjwa. "Mwanangu, fungua kinywa."

Gaudensi akapokea, akafariki siku ileile, mjane yule akiwa bado amemshika mkono.

Ndugu zangu, hata leo Kanisa huiita Komunyo ya mwisho kwa jina hilo la Kilatini, nami kila nikilisikia namkumbuka mama huyu kwa heshima kubwa. Sisi mgonjwa wetu akizidiwa twasita kumwita padre, eti tutamtisha. Na wengine twauliza kwanza huyo mtu aliishije. Restituta alijua vema mno aliishije, na akamlisha.